Aliyezima Tanuri

Mara kumi na moja. Ndani ya wiki tatu tanuri lilizimika mara kumi na moja, mikate ikiwa ndani, na mara zote kumi na moja daftari la kwenye kompyuta liliandika jina lile lile: Baba.

Sasa msije mkadhani huyu ni mzee wa kuzubaazubaa. Mtaani wanamwita Mzee Moto. Ana miaka thelathini na nane anaoka mikate, na mkate ukiushika upande wa pili wa barabara atakwambia umebakiza dakika ngapi kuiva. Lakini jina lake lilikuwepo pale, na saa, na dakika, na maandishi ya kompyuta yana ubaya mmoja: watu huyaamini kuliko wanavyomwamini mtu aliye mbele yao.

Aliyeiandika programu iliyoliendesha tanuri ni bintiye mwenyewe. Kazi yake ndiyo hiyo, kuandika programu, katika ofisi ya mji mwingine, na miaka miwili nyuma alimfungia baba yake kisanduku chenye kioo ukutani pale kiwandani. Unaingiza nywila yako, unabonyeza washa, tanuri linapanda joto na kujishikilia hapo hapo bila mtu kulisimamia. Ilikuwa zawadi. Mzee aliipenda mpaka akawa anawaita wateja ndani kuwaonyesha, viatu vyao na vumbi lao vyote ndani ya chumba cha unga, jambo ambalo kabla ya hapo ungelifanya angekutoa mbio.

Ijumaa asubuhi binti akafika, begi begani, usingizi wa safari bado machoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniona kabla sijakusahau?"

Alisema kama utani, ila hakucheka. Binti naye akashindwa kucheka. Aliangalia ukuta wa pembeni mwa tanuri akaona maandishi ya chaki, mstari juu ya mstari, mwandiko wa baba yake: saa kumi na moja na nusu nimewasha, sijagusa tena. Saa kumi na mbili, sijagusa. Saa kumi na mbili na nusu, sijagusa. Mtu mzima na akili zake anajiandikia ushahidi, kana kwamba haiamini nafsi yake. Moyo ukamuuma binti, tena ukamuuma kwelikweli.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kesho yake, Jumamosi, saa sita mchana, baba mdogo angekuja nyumbani kuchukua funguo za kiwanda. Nisimsingizie, baba mdogo si mtu mbaya. Ni mtu wa kupanga mambo tu, na akishapanga, basi hata mvua atataka imwombe ruhusa. Alikuwa ameshaongea na daktari wa mambo ya kusahau, ameshapata mtu wa kulisimamia tanuri, na ameshamwambia kaka yake apumzike. Na kilichomtisha binti zaidi ni kwamba mzee alikuwa amekubali.

"Nitafanyaje?" alisema, akijipangusa unga mikononi. "Leo nalizima bila kujua. Kesho nitaliacha linawaka bila kujua, niunguze mtaa mzima. Funguo nampa. Wala sina kinyongo."

"Baba, unakumbuka umelizima?"

"Ningekuwa nakumbuka ningekuwa mgonjwa?"

Na tuseme ukweli wote: njiani, ndani ya basi, hata binti alikuwa ameanza kuamini. Alikumbuka baba yake alivyosahau kumpigia siku ya kuzaliwa kwake, akaiweka na haya mengine, akaona ndiyo basi tena. Alikuja kuaga kazi ya baba yake zaidi ya kuitetea. Lakini mtu wa programu hawezi kukaa karibu na kosa bila kulifungua alitazame, hata kama halimhusu, sembuse hili.

Akasogeza magunia, akaweka kompyuta kwenye kona ya meza ya kukandia, akaanza kusoma mistari aliyoiandika mwenyewe. Upande wa pili wa meza alikuwepo mkandaji, mama mmoja mwenye mikono kama ya mbeba mizigo, wanamwita Kimya kwa sababu hanyamazi.

"Mimi nimewaambia," Kimya alisema, huku donge la unga likipigwa mezani pu! "Mzee hana ugonjwa. Ugonjwa gani unaochagua siku? Jumatano halizimiki hata kwa dawa. Jumatano mama yako anakuja kuuza hapa dirishani, na tanuri linatulia kama limelishwa. Yule mama ana nuru."

"Hata akili zangu zina siku ya mapumziko," mzee alijibu kutoka kule kwenye rafu.

Binti alicheka kidogo, akarudi kwenye mistari yake. Hilo la Jumatano halikumwingia. Angeliingiza akilini pale pale angetuokolea siku nzima, lakini ndivyo alivyo, akisoma programu masikio yanafunga duka.

Sasa nieleze kidogo, na msiogope, si jambo la wataalamu peke yao. Ndani ya programu kuna tanuri la pili, tanuri la maandishi. Lile la maandishi limefundishwa kazi chache, na kila kazi ina jina lake: washa, zima, pima joto. Wenyewe wanaziita methodi. Ukiiita zima, tanuri la maandishi linajizima, na lile la chuma linafuata. Ila methodi haijiiti. Kama tanuri limezimwa, basi yupo aliyeiita zima, ama kidole cha mtu, ama sehemu nyingine ya programu ile ile.

Na hapo ndipo binti alipojikuta anatazama mstari mmoja na uso ukimwaka. Ulikuwa mstari wa daftari. Aliuandika miaka miwili nyuma, jioni moja, haraka haraka ili aondoke. Mstari ule ulikuwa hauulizi zima imeitwa na nani. Ulikuwa unachukua tu jina la mwenye nywila iliyofungua programu, unaliandika, mchezo umekwisha.

"Baba, njoo."

Mzee akaja, miwani kwenye paji la uso.

"Ukiwa ndani hapa, mtu akakuita uani, ukaenda, ukabeba gunia, ukarudi. Mtu akiniuliza nani kabeba gunia nitasema nani?"

"Mimi."

"Na nani aliyetaka gunia libebwe?"

"Aliyeniita."

"Ndiyo hivyo. Hili daftari linajua gunia limebebwa, na linajua kiwanda ni cha nani. Aliyeita halimjui. Halijawahi kuuliza."

Mzee alishusha miwani, akautazama mstari ule kama mtu anayetazama mkate ulioungua chini. "Na aliyeliandika ni nani?"

"Mimi."

"Basi umeandika daftari zembe."

"Ndiyo, baba. Zembe sana."

Aibu ilimshika, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu chepesi kinachopanda, nacho alikiogopa kidogo. Akatafuta sehemu zote zinazoweza kuiita zima. Alizikuta saba. Kulikuwa na kitufe cha ukutani, kulikuwa na saa ya kumaliza kuoka, kulikuwa na kinga ya joto linapopita kiasi, na nyingine za namna hiyo. Alizikagua moja moja, zote zikaonekana zina heshima zao. Ya saba aliipita mbio, maana ilikuwa ni ile ya kuzaliwa kwa tanuri lenyewe la maandishi, yaani linapoanza tu kazi, na nani anamshuku mtoto mchanga?

Basi akaona kusoma peke yake hakutoshi, amtegee mtego huyo anayeita. Bahati nzuri kila methodi ikiitwa huwa inashika alama ya kule ilikoitwa, ili ikimaliza kazi ijue pa kurudi. Alama hizo zimefuatana, huyu kaitwa na yule, yule kaitwa na mwingine, mpaka kwa wa kwanza kabisa. Kompyuta inazo wakati wote, ni suala la kuiuliza tu. Akaongeza mistari minne mwanzoni mwa zima: kabla hujafanya lolote, niandikie mlolongo wote wa waliokuita, mpaka mwanzo.

"Umemaliza?" mzee aliuliza.

"Nimemaliza. Kesho likizimika litasema."

"Na likisema ni mimi?"

Binti alitaka kusema haliwezi. Akaona huo utakuwa uongo wa kumfurahisha. "Likisema ni wewe, nitakupeleka kwa daktari mimi mwenyewe, na nitakaa na wewe. Sitakuacha na baba mdogo na mafaili yake."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye rafu zake. Siku ile tanuri halikuzimika.

Jumamosi waliwasha saa kumi na moja na nusu. Mikate ya kwanza iliingia, ikatoka, ikaingia ya pili. Mzee mwenyewe ndiye aliyetoa wazo: alivuta stuli akaiweka katikati ya chumba, mbali na kisanduku cha ukutani, akakaa, akaomba kikombe cha chai akakishika kwa mikono miwili.

"Nitazameni," alisema. "Msiniondolee macho."

Hebu fikirieni mtu anawaomba wanawake wawili wamlinde asije akatenda asichokijua. Kimya alikanda unga uso ukiwa kwa mzee, na kwa mara ya kwanza jina lake lilimfaa. Binti alikaa na kompyuta mapajani. Saa kumi na mbili ikapita. Saa kumi na mbili na nusu ikapita. Watu walikuja dirishani, wakapewa mikate yao, wakaenda.

Saa moja na dakika kumi na mbili, taa nyekundu ya tanuri ikafa. Hapakuwa na mlio wala mshindo. Na kwenye kioo cha ukutani maandishi yakatokea taratibu: Tanuri limezimwa. Aliyezima: Baba.

Baba alikuwa kwenye stuli, kikombe mikononi.

"Hajainuka!" Kimya alipiga ukelele mpaka mteja dirishani akarudi nyuma. "Wallahi hajainuka! Mimi shahidi! Andika na jina langu hapo!"

Mzee alitazama kioo, akatazama mikono yake, akatazama tena kioo.

Binti aliliwasha tanuri upesi, mikate ilikuwa imepoteza dakika mbili tu, kisha akausoma mlolongo kwa sauti, kutoka juu kwenda chini. "Zima imeitwa na kuzaliwa kwa tanuri. Kuzaliwa kumeitwa na kufunguliwa kwa ukurasa. Ukurasa umefunguliwa..." Akasita. "Umefunguliwa kwenye simu."

Hapo yote yakamjia kwa mara moja, akajipiga kofi la paji la uso. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwamba tanuri la maandishi likizaliwa, jambo la kwanza lijizime. Alikuwa na sababu nzuri: umeme ukikatika na kurudi, tanuri lisijiwashe lenyewe watu wakiwa hawapo. Na hapa kiwandani programu hufunguliwa mara moja tu, alfajiri, kabla ya kuwasha. Kuzima kitu kilichozimwa hakumdhuru mtu. Lakini kila programu inapofunguliwa upya, popote, tanuri la maandishi huzaliwa upya, na likizaliwa tu hutamka zima. Aliiandika kana kwamba duniani kuna dirisha moja.

"Baba, ile simu yako ya zamani, niliyokuwekea programu hii, iko wapi?"

"Ile? Mimi hata sikuifungua hiyo programu. Tanuri liko mbele yangu, nilitazame kwenye simu ya nini? Uliponiletea hii mpya, ile nikampa mama yako."

"Lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Ukaifuta nywila yako?"

"Nifute ya nini, si mke wangu?"

Kimya aliacha kukanda. Wote watatu walikuwa wamefika mahali pamoja, na Jumatano nayo ikawa imejieleza.

"Anatazama tu, baba," binti alisema harakaharaka. "Hajui kama linazimika. Mtu anafungua, anaona joto mia mbili na ishirini, anafunga. Joto halishuki papo hapo."

"Anatazama nini?"

Jibu alilolidhani binti hakulipenda. Mzee aliweka kikombe chini. Uso uliokuwa umeanza kufunguka ulijifunga tena. "Kwa hiyo kumbe nalindwa kama mtoto," alisema polepole, akavua aproni.

Kulirekebisha kosa kulimchukua binti dakika kumi. Alikihamisha kile kitendo cha kujizima kikabaki kwenye kisanduku cha ukutani peke yake, akajaribu kwa simu yake mara tano, tanuri likabaki linawaka mara zote tano. Wakamwachia Kimya kiwanda, wakashika njia ya nyumbani. Mzee alitembea mbele, mikono nyuma. Binti alifuata, roho juu. Alikuwa amempata aliyeita, naam, lakini ni kama amemtoa baba yake kwenye shimo moja akamwelekeza lingine.

Nyumbani walimkuta baba mdogo ameshafika, saa sita ya watu wengine kwake ni saa nne. Alikuwa sebuleni na faili lake gotini. Mama alikuwa anakunja nguo alizozianua, rundo liko kwenye kochi, simu ya zamani mezani karibu na kikombe.

"Kaka, karibu ukae," baba mdogo alianza, kana kwamba nyumba ni yake. "Leo tusilumbane, tulizungumze hili kwa upole..."

"Subiri kidogo, baba mdogo, samahani," binti alisema. Akapiga moyo konde. "Mama, leo saa moja na dakika kumi na mbili ulikuwa unafanya nini?"

"Saa moja? Nilikuwa nakunywa chai."

"Na simu?"

Mama alisimamisha mikono, shati la mumewe likiwa nusu limekunjwa. Alimtazama bintiye, akamtazama mumewe, akaona hakuna pa kupitia.

"Nilitazama joto," alisema.

"Kila siku?"

"Si kila siku, ila siku nyingi. Jumatano sitazami, si ninakuwepo?"

Binti akawaeleza, kwa maneno machache na mepesi, kosa ni la nani na lilikuwa linafanyaje kazi. Aliweka la kwake mbele: daftari zembe, tanuri linalojizima likizaliwa. Baba mdogo alifungua faili, akalifunga. Lakini mama alikuwa ameishia pale pale aliposikia kwamba kila alipofungua, lilizimika. Alikaa kwenye kochi juu ya nguo alizozikunja.

"Mimi?" alisema. "Ni mimi niliyekuwa nakutia wazimu?"

"Kwa nini ulikuwa unanichunguza?" mzee aliuliza. Sauti haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu aliyeumizwa. "Uliona nimeharibika tangu lini?"

"Kuharibika nani? Mwezi uliopita ulianguka bafuni, ukaniambia umeteleza. Sakafu ilikuwa kavu, baba. Mimi ndiye niliyeipiga deki, naijua. Halafu kila siku unaondoka giza halijaisha, na mimi nabaki hapa nahesabu. Nikikupigia unasema nakusumbua mbele ya watu. Nilipopata hii simu nikaona picha ya tanuri, nikaibonyeza, ikaniambia joto. Nikasema, kama tanuri lina joto, basi yuko mzima, kalisimamia. Ndipo naweza kunywa chai yangu." Akafuta macho kwa shati la mumewe. "Na waliposema unasahau, nikazidi kutazama."

Mzee alisimama pale pale mlangoni, unga bado kwenye nyusi.

"Hata kidogo hukuwahi kudhani nimepotea akili?"

"Nilidhani utakufa. La akili nilikuwa sijalifikia."

Mzee akacheka, kicheko kifupi cha mtu asiyejiandaa, na katikati ya kicheko uso ukamharibikia, akaanza kulia mbele ya mdogo wake na bintiye, bila kujificha. Binti alikuwa hajawahi kuona hilo maishani mwake.

"Mikate wala haikunisumbua," mzee alisema alipoweza. "Funguo wala hazikunisumbua. Mke wangu, wiki hizi tatu kabla sijaondoka alfajiri nilikuwa nakaa kitandani nakutazama umelala. Naisoma sura yako. Hiki kidevu, hii alama ya sikioni. Nilisema nikianza kusahau, nisahau yote, ila nianzie mbali, wewe nikuweke mwisho."

Baba mdogo aliinuka, akasema ana mtu anamsubiri, akatoka na faili lake bila kuaga vizuri. Mama aliliweka shati pembeni. Alivuta kiti cha mezani, akakiburuta mpaka mbele ya mumewe, akakaa, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili na kuondoa kitambaa kichwani.

"Haya," alisema. "Gizani ulikuwa unaona nini? Nitazame sasa, mchana kweupe."

Naye akachuchumaa pale sakafuni, na unga wake, akamtazama.